Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Reli ya Toroli za Mombasa

Wazee wetu, ndugu wanachama wa chama chetu cha kujenga mifano ya reli, vijana wetu na wageni mliokuja kutusikiliza: asalaam aleikum, na karibuni.

Kila tukifungua banda letu hapa Malindi, swali ni lile lile: mji huu haujapata kuwa na reli, sasa nyinyi mnajenga mfano wa reli ya wapi? Mwaka huu tumepata jibu linaloniridhisha. Tunajenga reli ya toroli zilizosukumwa na watu katika mitaa ya Mombasa kabla magari hayajaenea. Aliyesafiri kutoka Malindi kwa jahazi enzi hizo alizikuta Ndia Kuu, mtaa wa mji wa kale, si mbali na alipoteremkia.

Uamuzi huu haukuja hivi hivi. Vijana walitaka njia kuu ya Mombasa hadi Voi, na juu yake injini za mvuke za daraja la 59 za Reli ya Afrika Mashariki. Siwalaumu. Injini hizo 34 zilitengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 na ikibeba jina la mlima wa Afrika Mashariki. Hakuna reli nyingine duniani ya upana wa mita moja, yaani kati ya chuma na chuma, iliyokuwa na injini ya mvuke nzito kuliko hizo. Ukienda Makumbusho ya Reli, Nairobi, utaikuta Mount Gelai imesimama, na magurudumu yake yanakufika kifuani. Lakini injini ya namna hiyo, hata ukiipunguza mara 87, ina urefu wa zaidi ya sentimita 35 na inataka kona pana. Banda letu halina kona pana. Tena njia yenyewe, inapopanda kutoka Miritini kwenda Mazeras, hujizungusha na kupita juu yake yenyewe. Nani kati yetu atajenga kilima hicho, na tutakiweka wapi?

Toroli zina historia yake, na naiona inatufaa zaidi. Mwaka 1890 kampuni ya Mwingereza William Mackinnon, Imperial British East Africa, ilianza kutandaza reli nyembamba ya futi mbili, yaani milimita 610, ikaipa jina kubwa la Central Africa Railway. Jina lilitaka kufika katikati ya Afrika. Reli ilikwenda kama maili saba ikakwama. Serikali ya Uingereza ilipoichukua nchi mwaka 1895, ilijenga reli nyingine kabisa, ya upana wa mita moja, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901. Vyuma vya ule mradi ulioshindwa havikutupwa. Vilitandazwa kisiwani, kati ya mji na Kilindini, vikawa njia ya toroli. Abiria aliketi kwenye benchi chini ya turubai, na wasukumaji wakaja nyuma mbio.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa ya kutafuta vipimo. Michoro ya toroli hatunayo, picha zipo. Picha za Mombasa na za ujenzi wa reli zimehifadhiwa kwa wingi katika mkusanyiko wa Winterton, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na mtu anaweza kuzitazama kwa intaneti akiwa hapa hapa. Kadi za posta za zamani nazo zimetusaidia sana, kwa sababu wapiga picha wa enzi hiyo waliipenda Ndia Kuu na toroli hazikukosa kuingia.

Picha inapimwaje? Tunaanza na kitu ambacho kipimo chake kinajulikana, nacho ni upana wa reli. Tuseme toroli imepigwa picha kwa mbele, na upana wa reli chini ya magurudumu ni milimita 10 kwenye karatasi. Kama kutoka reli hadi turubai ni milimita 30, basi turubai lilikuwa mara tatu ya 610, yaani mita 1.83 juu ya reli. Hesabu ya darasa la tano. Sharti lake ni kwamba kinachopimwa kiwe umbali ule ule na magurudumu kutoka kwenye kamera. Nyumba ya nyuma huonekana ndogo kuliko ilivyo, na aliye mbele huwa pandikizi la mtu. Kwa majengo tuna njia ya pili. Nyumba kadhaa za Ndia Kuu zingali zimesimama, kwa hiyo mlango wa kwenye picha unaweza kupimwa leo kwa futi ya fundi, mwenye nyumba akiridhia.

Kutokana na hayo, kamati inapendekeza kipimo cha moja kwa 19, yaani kila kitu kipunguzwe mara 19. Kwa kipimo hicho reli ya futi mbili inakuwa milimita 32 barabara, na mtu mzima anakuwa sentimita 9 hivi. Hapo wachongaji wetu watafaidi. Hakuna duka litakalotuuzia msukumaji wa toroli aliyefunga kikoi, lakini kipande cha mwarobaini na fundi wa Malindi vinatosha. Hasara yake ni nafasi: kilomita moja ya kweli inataka mita 53. Hivyo hatutajenga njia nzima. Tutajenga kipande cha Ndia Kuu, chenye roshani zake, basi.

Kuna waliouliza toroli zitaendaje. Ukificha mota chini ya benchi, toroli itakwenda, lakini wasukumaji watateleza nyuma yake bila kupiga hatua, kama mashetani. Rai yangu ni kwamba tusiweke mota. Hii ni reli ya kusukumwa, kwa hiyo mtoto anayekuja kututembelea aisukume mwenyewe. Tutaokoa pesa za umeme, na hewa ya chumvi haitakuwa na nyaya za kula.

Mwanachama mmoja amependekeza tujenge reli ya Lamu. Ujenzi wa LAPSSET, mradi wa bandari, reli na barabara kutoka Lamu hadi Ethiopia na Sudan Kusini, ulizinduliwa Lamu Machi 2012, gati la kwanza la bandari likafunguliwa 2021, reli bado. Nimemjibu kwamba tukianza sasa huenda sisi ndio tutakaomaliza kwanza.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema tu kwamba ada zilizochelewa ni nyingi kuliko ninavyopenda, na wenyewe mnajijua.

Nawaomba wenye jamaa Mombasa waulize nyumbani kama kuna picha ya zamani yenye reli barabarani, hata kama reli yenyewe ni kipande tu nyuma ya harusi. Msiiondoe kwenye albamu; ipigeni kwa simu ikiwa imelala, rula ikiwa pembeni yake, mtuletee nakala.

Sasa naomba mkutano upige kura juu ya kipimo cha moja kwa 19, ili mafundi wajue wanachonga mtu wa ukubwa gani.