88 ni nyingi kuliko 82

Ndugu Mhariri,

Mara ya mwisho kukuandikia, kama si mwenzako aliyekutangulia kwenye kiti hicho, ilikuwa 1998, kuhusu bomba lililopasuka mtaani kwetu. Barua haikutoka, bomba likajikaukia lenyewe, nami nikanyamaza. Nimenyamaza hata mlipopandisha bei ya gazeti na kupunguza kurasa. Lakini ile habari yenu ya ukurasa wa nyuma kuhusu Tiger Woods, yenye kichwa cha wino mwekundu, imenishinda. Mwandishi wenu anasema Woods na Sam Snead, wenye ushindi 82 kila mmoja, ndio watu walioshinda mashindano mengi zaidi katika historia ya gofu ya kulipwa ya Marekani. Ameandika "watu". Hakuandika "wanaume".

Sasa Kathy Whitworth alikuwa nani, mbuzi?

Mama huyo alishinda mara 88 kwenye mashindano ya LPGA, chama cha gofu ya kulipwa ya wanawake cha hukohuko Marekani. Ushindi wa kwanza ni wa 1962, wa mwisho ni wa 1985. Nyuma yake yupo Mickey Wright, naye ana 82, zilezile za Woods na Snead. Kwa hiyo hao mabwana wawili mliowavika taji wamefungana nafasi ya pili, na kwenye nafasi hiyo ya pili wamekaa na mwanamke.

Najua mtakachojibu. Mtasema ni ligi mbili tofauti, na kwamba enzi za Whitworth wanawake walikuwa wachache, ushindani haukuwa mkali. Kama ni ligi mbili, basi andikeni "kwa upande wa wanaume", wino wake hauwezi kuwafilisi. Na huo ushindani, Snead naye alianza kukusanya makombe yake miaka ya 1930. Wakorea na Wajapani aliopambana nao wakati huo ni akina nani? Yeye mbona hamumpunguzii?

Utajiuliza karani mstaafu kayajulia wapi haya. Nilikaa miaka 22 kwenye ofisi ya klabu moja ya gofu huko mikoani (jina nalihifadhi, wengine bado wanakula pale). Kazi yangu ilikuwa risiti, ada za wanachama, na siku za mashindano kuandika matokeo kwa chaki kwenye ubao wa varandani. Wanachama Wazungu walikuwa wakiacha majarida yao ya gofu, nami nikiyabeba nyumbani na kuyasoma kwa kamusi pembeni. Ndimo nilimomkuta Whitworth. Alizaliwa Texas mwaka 1939, akakulia Jal, kamji ka New Mexico, na fimbo za gofu alizishika akiwa na miaka 15. Mwalimu wa pale alipoona ujuzi wake mwenyewe wa kufundisha umefika kikomo, akamwelekeza kwa mwalimu mwingine wa gofu, Harvey Penick, huko Austin, na mama mtu akawa anamsindikiza mwanawe safari ya mamia ya kilomita ili akafundishwe kushika fimbo. Akaingia gofu ya kulipwa na miaka 19, na misimu mitatu ya kwanza hakuambulia kombe hata moja. Wengi wangerudi kwao. Mwaka 1962 mlango ukafunguka, na tangu hapo hadi 1978, miaka 17 mfululizo, haukupita mwaka bila kushinda. Mwaka 1968 peke yake alishinda mara 10. Mchezaji Bora wa Mwaka amekuwa mara 7.

U.S. Women's Open, yale mashindano makubwa ya wanawake ya Marekani, hakuwahi kuyashinda. Hilo naliandika mwenyewe kabla hamjanitafutia. Tena mwaka 1981, alipokuwa mwanamke wa kwanza wa LPGA kufikisha dola milioni moja za zawadi, alizifikisha kwenye mashindano hayohayo, akimaliza wa tatu. Milioni moja kwa zaidi ya miaka 20 ya kupiga mpira! Siku hizi bingwa wa mashindano yale anaipita kwa wiki moja. Na mwaka 1986 akiba yake ya uzeeni ikayeyuka pamoja na kampuni iliyofilisika. Hapo sisi wa kikokotoo cha pensheni tunamwelewa bila mkalimani.

Alifariki mkesha wa Krismasi mwaka 2022, ana miaka 83. Nililifungua gazeti lenu sikukuu yote, sikuona hata mstari. Siku tano baadaye akafariki Pele, mkampa kurasa nne, na ilikuwa haki yake. Sidai kurasa nne, ningeshukuru hata kwa sentensi moja chini ya bei za mazao.

Nikueleze kwa nini jambo hili linanichoma hivi. Pale klabuni, Jumatatu kiwanja kilikuwa chetu, wafanyakazi na makedi, yaani wabeba mifuko ya fimbo, na mwaka 2004 uongozi ukatuandalia mashindano yetu. Mimi nilikuwa na fimbo saba za kuazima, moja imefungwa gundi ya karatasi kwenye mshikio, na raba za mwanangu wa kiume. Nikazunguka mashimo 18 kwa mikwaju 94. Aliyenifuata ni tarishi wetu, kijana mzuri sana, alipiga 99, na kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Tulianzia kwenye alama zilezile nyeupe sote, maana za wanawake mwenye funguo za stoo hakuwa amezitoa. Matokeo niliyaandika mwenyewe kwa mkono huu: 94 juu, 99 chini yake. Wakati wa zawadi akaitwa "bingwa wa mashindano", akainuka tarishi! Akapewa mfuko mpya wenye fimbo zake kamili. Nikatazama ubao, nikadhani nimekosea kuandika. Halafu nikaitwa mimi, "bingwa wa akina mama". Akina mama wenyewe tuliocheza tulikuwa mimi. Nikakabidhiwa chupa ya chai na doti ya kanga iliyoandikwa TOSHEKA NA ULICHOJALIWA. Nilimuuliza kapteni kwa adabu, mbona ubaoni niko juu? Akanipiga begani, akasema, "Mama, kwani chai siyo muhimu?" Varanda nzima ikacheka. Nami nikacheka, na kicheko changu hicho ndicho kinachoniamsha usiku mpaka leo kuliko zile fimbo. Tarishi peke yake hakucheka. Kesho yake alikuja ofisini na fimbo mbili kutoka kwenye mfuko wake akataka kunipa, nikazikataa kwa kiburi, kosa lingine hilo. Mfuniko wa chupa ulivunjika hata mwaka haujaisha. Kanga nimebebea wajukuu watatu.

Kwa hiyo nikisoma "watu" kwenye gazeti lenu, naona tena ule ubao, 94 iko juu na mfuko unakwenda kwa 99.

Na tukiwa hapohapo kwenye ukurasa wenu wa michezo, hivi siku hizi ni wa michezo au wa mikeka? Ile habari ya Woods ilibanwa katikati ya matangazo mawili ya kubeti, moja linaniahidi pikipiki, jingine simu. Mjukuu wangu wa kidato cha pili hajui zao la tatu linaloingizia nchi hii fedha za kigeni, lakini odi za daraja la pili Ureno anazitaja bila kupumua. Amezisomea kwenu. Wachezaji wetu wa gofu, Madina Iddi na Angel Eaton, wametoka kwenda kuiwakilisha nchi hii kwa fimbo zao. Picha ya mtu kama hao kwenye gazeti lenu inakuwa kubwa kama stempu, ila kiungo wa Ulaya akikata nywele anapata robo ukurasa. Mtoto wa kike aliyeko Morogoro au Arusha anayebeba mifuko ya watu aanze kuota kupitia dirisha gani?

Ningeishia hapo, nikanywa dawa yangu ya presha nikalala, kama si chemshabongo ya Jumapili iliyofuata. Hilo ndilo linanifanya ninunue gazeti lenu. Tunalijaza na jirani yangu kwa penseli moja, kila mtu na zamu yake. Namba 14 mlalo: "Ameshinda kuliko wote kwenye gofu ya kulipwa Marekani." Visanduku vitano. Jirani akaandika WOODS harakaharaka, akaniangalia kama mtoto aliyemaliza uji. Nikafuta. Akaandika tena. Mpaka naandika barua hii hatujasalimiana vizuri, na deni hilo ni lenu.

Masahihisho ya herufi ndogo ukurasa wa pili siyataki, hayasomwi na mtu zaidi ya mwanasheria wenu. Nataka chemshabongo ya Jumapili ijayo irudie swali lilelile, neno kwa neno, lakini safari hii liwe la wima, visanduku tisa. Fundi wenu asihangaike sana kulipanga upya: W aiache palepale, kisha ashuke nayo H, I, T, W, O, R, T, H. Nitamgongea jirani mlango saa moja asubuhi, na penseli nitakuja nayo mimi.

Karani mstaafu,
Dar es Salaam