Hamia kwenye mashine, lakini vimelea usiviache

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimecheka peke yangu pale uliposema umechoka kunusa visahani vya bakteria na sasa unataka kuhamia kwenye proteomiki, yaani uchunguzi wa protini zote za kiumbe kwa pamoja, "kwenye mashine safi". Safi? Ngoja nikusimulie.

Mimi kilichoniingiza huku ni kifua kikuu. Jenomu ya kimelea chake, yaani maelezo yake yote ya urithi, ilipochapishwa mwaka 1998, ikiwa na jeni kama 4,000, kuna waliodhani sehemu ngumu imekwisha. Wapi! Orodha ya wachezaji waliosajiliwa haikuambii nani yuko uwanjani leo. Jeni zinaonyesha kimelea kinaweza nini. Kinachofanya saa hii, kikiwa na njaa, kimemezwa na seli ya kinga au kimekutana na dawa, utakijua kwa protini zake. Swali hilo limenishika tangu wakati huo, na bado halijaniachia.

Kazi yenyewe utaizoea. Unavunja bakteria, unatoa protini, unazikata kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini, kisha vile vipande vinatiwa chaji ya umeme, vinarushwa ndani ya mashine na kupimwa uzito, na kompyuta inatafuta ni jeni ipi ingeweza kuvitoa. Kuzirusha molekuli kubwa hivyo bila kuzisambaratisha kuliwasumbua watu sana. John Fenn na Koichi Tanaka waligawana nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2002 kwa sababu hiyo. Lakini mashine haina huruma. Protini huwezi kuizidisha kama unavyoizidisha DNA kwa PCR; kilichomo kichupani ndicho hicho hicho. Unywele mmoja ukidondoka, matokeo yanajaa keratini, protini ya nywele na ngozi, yako mwenyewe. Mwenzetu mmoja alikuja na sweta la sufu chini ya koti la maabara, kompyuta ikatuletea kondoo!

Hilo la usafi dogo. Linalonitia wasiwasi ni pale uliposema kukuza bakteria "utawaachia wengine". Hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Fikiria madini ya chuma. Mwilini chuma kimefungiwa ndani ya protini kama transferini, na bakteria lazima wahangaike kukipora. Katika chakula cha maabara kimejaa tele, basi wanastarehe na zana zao za uporaji hawazitengenezi. Aina ni ileile, protini tofauti kabisa. Ukiipelekea mashine bakteria walioshiba, itakupa orodha sahihi kabisa ya bakteria walioshiba, na mgonjwa wako hana hao. Asiyewakuza mwenyewe hata hawazii kuuliza walikula nini.

Tena angalia ESAT-6 na CFP-10. Protini hizo mbili zilipatikana katika majimaji yaliyochujwa baada ya kukuza vimelea vya kifua kikuu, majimaji ambayo mtu mwingine angeyamwaga. Chanjo ya BCG haina protini hizo, ndiyo maana vipimo vya damu vinavyozitumia havimchanganyi aliyechanjwa na aliyeambukizwa. Aliyekuwa na vimelea mkononi ndiye aliyejua pa kutazama.

Najua subira inavyochosha. Bakteria E. coli hugawanyika kwa dakika 20 hivi akipata chakula kizuri. Hawa wetu huchukua karibu siku nzima. Unakaa wiki kadhaa hadi zile koloni, yaani vichungu vya bakteria, zenye makunyanzi, rangi ya malai, zijitokeze juu ya kile chakula cha mayai cha kijani. Mimi hadi leo nikiziona nafurahi, na wanafunzi wananishangaa.

Kwa hiyo ukienda kwenye usaili, usiishie kuulizia mashine yao ni ya mwaka gani. Waulize chumba cha kukuzia vimelea kiko wapi, nani ana ufunguo, na kama utaruhusiwa kukuza wako mwenyewe. Wakikutazama kama umepotea njia, niandikie kabla hujasaini.

Wasalimie nyumbani.

Ni mimi rafiki yako