Tunaota minara ya upepo wakati pleti ya mili 6 inapimika 5

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi kadogo.

Huku Mtwara vijiweni siku hizi umeme wa upepo ndo habari, na mafundi wenzangu wa kuchomelea wanasema ile minara kama ya kule Mwenga, Mufindi, ni bomba refu tu, chuma cha Liganga kikianza kuyeyushwa na reli ikifika bandarini kwetu basi kazi tumepata. Jamani, sio bomba lile.

Pale zinatumika pleti nene, yaani mabamba ya chuma, za chini kabisa zinaweza kuvuka mili (milimita) 40 afu unene unapungua kadiri unavyopanda, zinapita kwenye rola zinakunjwa duara, mashine inachomelea moto ukiwa umefukiwa na unga hata cheche huoni, kisha mishono inapigwa ultrasaundi kutafuta nyufa za ndani. Upepo unatikisa mnara mamilioni ya mara, chuma kinachoka, na mara nyingi ufa huanzia kwenye mshono. Chuma chenyewe kinachotumika sana kinaitwa S355, yaani kinavumilia nguvu ya nyutoni 355 kwa kila milimita mraba kabla hakijavutika kikashindwa kurudi kilivyokuwa, na hiyo ni kwa pleti isiyozidi mili 16, ikinenepa zaidi namba inashuka. Kwa hiyo kila pleti inakuja na cheti chake cha kiwandani na namba iliyogongwa, ukiuliza imetoka kwenye myeyuko upi unajibiwa.

Sasa njoo kwetu. Juzi nimenunua pleti ya mili 6 hadwea moja hapa mjini, kazi ya mteja wa Shangani, nikaiwekea venia, kile kifaa cha kupimia unene, pembeni ikasoma 5 na pointi kidogo. Namuuliza muuzaji cheti kiko wapi, anacheka, "fundi, chuma ni chuma". Na kule Shangani ni baharini na ile chumvi, hiyo mili iliyoibiwa ndo ingechelewesha kutu miaka kadhaa, lawama zinakuja kwangu sio kwake.

Ombi langu TBS, wale wa viwango, wapite madukani na venia mkononi, wasiishie kwenye mabati tu. Na VETA, wa mafunzo ya ufundi, wakiweza watuwekee kozi fupi ya pleti nene na upimaji wa mishono, hata jioni, maana mchana tuko kazini, ada tutachangishana.

Fundi wa kuchomelea,
Chikongola, Mtwara