Chai ya Mary Celeste haikuwapo mezani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu kuhusu Mary Celeste, ile merikebu ya mizigo iliyokutwa ikielea bila mtu hata mmoja katika Bahari ya Atlantiki mwaka 1872. Mwandishi wenu ana kalamu nzuri, hilo simnyimi. Ila amewaandalia wasomaji meza yenye chai inayofuka mvuke, yai lililoliwa nusu na paka aliyejilaza kabatini, kisha akauliza: wenyewe wamekwenda wapi? Ukishawekewa meza ya namna hiyo, utasema nini tena zaidi ya kuwasingizia majini?

Meza hiyo haikuwapo. Tunajua kilichokutwa mle ndani kwa sababu mtu aliyepanda kuikagua, Oliver Deveau, naibu nahodha wa Dei Gratia, merikebu iliyoikuta, alihojiwa kwa kiapo mahakamani Gibraltar, koloni la Waingereza kusini mwa Hispania, wiki mbili tu baadaye. Alisema hakukuta chakula kilichopikwa. Jiko lilikuwa limesogea kutoka mahali pake. Chumbani kwa nahodha, nguo na matandiko yalikuwa yamelowa maji yaliyopenya milangoni na kwenye madirisha ya juu. Kasha la dira lilikuwa limeng'oka na kioo chake kimevunjika. Matanga machache yalikuwa bado juu, mengine yamechukuliwa na upepo, na ngamani, yaani chini ndani ya merikebu, mlikuwa na maji ya futi tatu na nusu. Pampu moja ilikuwa imefunguliwa, na kile kijiti cha kupimia maji ya ngamani kilikuwa kimelala sitahani.

Sasa angalia kilichokosekana. Mashua haikuwapo, ingawa mwandishi wenu anadai mashua zote zilikuwa zinaning'inia mahali pake. Kronomita, yaani saa ya baharini, sekstanti, chombo cha kupimia mahali merikebu ilipo, na hati za merikebu havikuonekana pia. Kilichobaki ni batli, yaani kitabu cha kumbukumbu za safari, chakula cha miezi sita, makoti ya mvua ya mabaharia, mabuti yao na viko vyao. Baharia anayeacha kiko chake ameondoka mbiombio. Lakini anayekumbuka kubeba sekstanti na hati hajarukwa na akili, wala hajanyakuliwa na mnyama wa baharini. Watu hawa hawakuyeyuka hewani. Waliteremka mashuani kwa amri ya nahodha wao, na swali la maana, ambalo makala yenu haikuligusa kabisa, ni hili: kwa nini nahodha mzoefu aiache merikebu iliyo nzima?

Nasema nzima kwa sababu Deveau na wenzake wawili tu waliyakumba maji hayo, wakatengeneza matanga, wakaiendesha hadi Gibraltar, mwendo wa maili za bahari zipatazo 600.

Nahodha Benjamin Briggs hakuwa mtu wa papara. Alikuwa mzaliwa wa Massachusetts, wa ukoo wa mabaharia, na safari hii alimchukua mkewe Sarah na binti yao Sophia wa miaka miwili. Mtoto wao wa kiume, Arthur, walimwacha nyumbani kwa bibi yake ili asome. Mabaharia walikuwa saba. Waliondoka New York tarehe 7 Novemba kwenda Genoa, Italia, wakiwa na mapipa 1,701 ya spiriti ya viwandani. Maandishi ya mwisho kwenye ubao wa kumbukumbu ni ya tarehe 25 Novemba, saa mbili asubuhi, wakati kisiwa cha Santa Maria katika visiwa vya Azores, magharibi ya Ureno, kilikuwa umbali wa maili sita hivi. Dei Gratia iliikuta merikebu tarehe 4 Desemba, kati ya Azores na Ureno, baada ya siku tisa za kwenda ipelekwako na upepo.

Kile kisiwa ndicho kinachonisumbua. Nahodha akiwa katikati ya bahari kuu, hata merikebu ikivuja vibaya, ataikumbatia mpaka dakika ya mwisho, maana mashua ndogo ni kaburi. Akiwa na nchi kavu mbele ya macho, na mtoto mchanga ndani, hesabu yake hubadilika. Wengi wanaamini spiriti ndiyo iliyomtisha. Mizigo ilipoteremshwa Genoa, mapipa tisa yalikutwa matupu, na mvuke wa mapipa tisa ndani ya ngama iliyofungwa si mchezo. Mwaka 2006 mwanakemia Andrea Sella wa chuo cha University College London alijenga mfano wa ngama hiyo na kulipua gesi ndani yake. Moto ulipita kwa kishindo kikubwa, lakini karatasi alizoziweka badala ya mapipa hazikuungua. Kwa hiyo mlipuko wa kumtia mtu kiwewe bila kuacha alama ya masizi unawezekana.

Pamoja na hayo, mimi naegemea pampu. Deveau hakutaja harufu wala dalili ya mlipuko, na mlango mkubwa wa ngama ulikutwa umefungwa barabara. Lakini ile pampu iliyofunguliwa na kijiti cha kupimia kilichotupwa karibu yake vinazungumza. Chukulia kwamba pampu imegoma baada ya siku nyingi za bahari chafu. Nahodha anapima, anapata kina kinachomtisha, na hana njia ya kujua kama maji yanaongezeka au yametulia. Anaamuru watu washuke mashuani kwa muda, wakae nyuma ya merikebu wakiwa wameshikilia kamba, waangalie itakuwaje. Henza ya tanga kubwa, yaani kamba ya kulipandishia, ilikutwa imekatika, inaning'inia ubavuni hadi majini. Kama ndiyo iliyokuwa imefungwa kwenye mashua, basi upepo ulipozidi kidogo tu mambo yalikwisha. Merikebu yenye tanga juu haimngoji mtu apige makasia. Hii ni dhana yangu, siidai kuwa ushahidi, lakini haidai paka wala chai.

Mambo haya ya ajabu yametoka wapi, basi? Sehemu kubwa imetoka kwa Arthur Conan Doyle, ambaye mwaka 1884, kabla hajawa maarufu, alichapisha katika jarida la Cornhill hadithi ya kubuni kuhusu merikebu hii. Aliibadilisha jina kidogo, ikawa Marie Celeste, na ndani ya hadithi akazirudisha mashua zote mahali pake. Alikuwa na haki hiyo, mtunzi hahojiwi. Waliokuja baadaye ndio waliosahau kwamba ni hadithi, wakaongeza chai na mengineyo. Mwandishi wenu amekuwa wa mwisho katika foleni ndefu.

Ningeweza kucheka nikaacha, kama makala isingemalizia kwa kudokeza kwamba mabaharia wa Dei Gratia "walijua zaidi ya walivyosema". Hapo sikubali. Tuhuma hiyo ilianzishwa na Frederick Solly-Flood, mwanasheria mkuu wa Gibraltar, aliyeona damu kila mahali. Alionyesha upanga wenye madoa uliokutwa chumbani kwa nahodha, na akataja mikato ya mbao mbele ya merikebu aliyodai ni ya shoka. Madoa yalipopimwa, hayakuwa damu. Nahodha Shufeldt wa jeshi la maji la Marekani aliiangalia ile mikato, akasema ni mbao zilizochanika zenyewe kwa kupigwa na bahari. Kisha Solly-Flood akashikilia kwamba mabaharia wa Briggs walilewa shehena na kuwaua wakubwa wao, wakati spiriti ile haikuwa ya kunyweka.

Hakuna aliyeshtakiwa kwa lolote. Lakini Deveau, mtu aliyeingia kwenye merikebu asiyoijua, akaivusha baharini majira ya baridi na watu wawili tu, alihojiwa kama mshukiwa, na nahodha wake David Morehouse vilevile. Mwezi Aprili 1873 mahakama iliwapa pauni 1,700 kwa kuiokoa merikebu, kama sehemu moja ya tano ya thamani ya merikebu na shehena yake. Kwa kazi ile, hayo yalikuwa malipo ya mtu ambaye mahakama haimwamini ila haina cha kumfunga nacho. Miaka zaidi ya 150 imepita, na gazeti bado linawakonyezea wasomaji jicho.

Kama mnautafuta uhalifu kwenye merikebu hii, upo, ila ni wa mwaka 1885. Nahodha mwingine, Gilman Parker, aliipandisha makusudi kwenye mwamba wa Rochelois huko Haiti, ikiwa imejaa takataka zilizokatiwa bima ya dola 30,000 kama bidhaa za thamani. Alifikishwa mahakamani Boston, na wazee wa baraza wakashindwa kukubaliana. Kisa hicho kina ushahidi, kina mashahidi na kina pesa, lakini ni nadra kukiona kikiandikwa.

Naomba basi mchapishe masahihisho. Semeni kwamba mashua haikuwapo, na kwamba Deveau na Morehouse hawakukutwa na hatia yoyote. Ondoeni pia yale maneno ya Pembetatu ya Bermuda, lile eneo la bahari karibu na Marekani linalosemwa kumeza meli, kwa sababu merikebu ilikutwa karibu na Ulaya, upande wa pili kabisa wa Atlantiki. Na picha mliyoiweka juu ya makala ni ya meli ya chuma yenye dohani mbili. Mary Celeste ilikuwa ya mbao, yenye milingoti miwili, na haikuwa na injini.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.