Shamsa hakudungwa maji

Ndhiwa, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, nikacheka huku nimeudhika. Eti kwa kuwa mwanao Shamsa ameumwa malaria ilhali alichanjwa, basi chanjo aliyodungwa ilikuwa maji? Maji hayo mimi nayachanganya kila wiki hapa kliniki: vichupa viwili vimebanwa pamoja, kimoja cha unga, kimoja cha majimaji, vinatosha watoto wawili tu.

Chanjo ya malaria ni ile ile, miili ndiyo haipokei sawa. Umri una nguvu sana. Ilipojaribiwa katika vituo 11 vya nchi saba, Kilifi kwetu ikiwemo, walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 malaria iliwapungua kwa karibu nusu mwaka wa kwanza. Wachanga wa wiki 6 hadi 12, kama theluthi tu, na kingamwili, wale askari wa mwili wanaopigana na ugonjwa, zilikuwa chache zaidi katika damu yao. Mwili wao bado unajifunza, na hudhaniwa kwamba kingamwili walizotoka nazo kwa mama huizuia chanjo isifanye kazi vizuri. Ndiyo maana Shamsa alisubiri miezi sita, na wewe ulitaka adungwe ungali kwenye arobaini!

Lakini la Bagamoyo, kule Tanzania, ndilo linalonishangaza. Huko watu wazima walipewa chanjo nyingine, ya vimelea vya malaria vilivyodhoofishwa kwa mionzi. Kingamwili zao zikatoka chache kuliko za Wamarekani waliopewa dozi hiyo hiyo. Ungedhani aliyeumwa malaria tangu utotoni ataitambua upesi. Kumbe mwili ulioizoea huonekana kama unaipuuza.

Kwa Shamsa nadhani ni muda. Kingamwili hufika juu kabisa mwezi mmoja hivi baada ya dozi ya tatu, kisha hushuka, tena kwa kasi miezi ya mwanzo. Sasa ana mwaka na miezi saba, hesabu mwenyewe. Dozi ya nne huzipandisha tena, ijapokuwa hazirudi pale zilipokuwa.

Basi nipigie picha ukurasa wa chanjo kwenye kijitabu chake cha kliniki, nione tarehe. Na ile neti uliyofunikia vifaranga niliiona Idi, usijifanye. Kama haijachanika, irudishe kitandani kwa mtoto. Vifaranga nitawaletea wavu wa omena nikija.

Wako,
Mwanajuma