Bibi wa hadithi yako si mche wa kioo

Mbeya

Baba yangu, mwanangu,

Huku hatujambo. Baridi imeshika, mlima Loleza hauonekani mpaka saa nne, na shangazi yako ametangaza kwamba mtu mwenye akili haogi kabla jua halijatoka. Viazi na maharage nimempa dereva anayekuja Iringa. Daftari lako limo humohumo, nimelifunga nailoni lisilowe.

Uliniambia nisome hadithi yako nikupe ukweli bila kukubembeleza. Nimeisoma yote. Nimecheka pale baba wadogo wanapogombea kiti cha marehemu baba yao kabla hata hawajaligusa suala la shamba, na ile sehemu ya matanga nimeirudia. Ila kuna sentensi moja siwezi kuiacha ipite: "Bibi alikuwa mche wa kioo uliovunja mwanga wa ukoo wetu ukawa rangi saba."

Najua mwalimu wako wa fasihi ataipigia mstari na kuandika "vizuri" pembeni. Bahati mbaya mama yako ni mpima ardhi. Mimi na miche, si ile ya kupanda bali ile inayoitwa pia prizimu, tunajuana, ya hesabu na ya kioo pia, kwa hiyo utanivumilia.

Tuanze na umbo, maana uliliacha darasa la saba ukadhani mmemalizana. Mche una vitako viwili vilivyo sawa kabisa na sambamba, na kuta zinazoviunganisha. Penseli yako, kabla hujaichonga, ni mche wa pembe sita. Ile nafasi iliyo juu ya dari yetu na chini ya mabati, anapojificha paka, ni mche pembetatu uliolala. Ujazo wake ni eneo la kitako mara kimo, basi. Hesabu inakuwa nyepesi hivyo kwa sababu popote utakapoukata mche sambamba na kitako chake, utapata uso uleule. Ukiujua mkato mmoja, umeujua wote.

Sisi wapima tungefurahi sana kama milima ingekuwa miche. Barabara inapokatiza kilima, lazima mtu aseme ni mita ngapi za ujazo za udongo zitakazochimbwa, kwa sababu mkandarasi analipwa kwa hizo. Basi tunapima mkato wa ardhi kila baada ya mita 20, tuseme, tunatafuta eneo la kila mkato, halafu tunachukua wastani wa mikato miwili inayofuatana na kuuzidisha kwa umbali uliopo kati yake. Pale ardhi inapopanda na kushuka kwa fujo, tunapima na mkato wa katikati: eneo lake mara nne, jumlisha eneo la mwanzo na la mwisho, gawa kwa sita, zidisha kwa urefu. Kazi yote hiyo ni kwa sababu mkato wa hapa haukuambii mkato wa pale. Kwa ardhi yetu hii, kuanzia Kitonga mpaka Tukuyu, usithubutu kudhani.

Sasa nimemkata Bibi wako vilevile. Nimemkata ukurasa wa pili: ana kanga, ana busara, ananyamaza. Nimemkata kwenye matanga: kanga, busara, kimya. Nimemkata siku ya kikao cha ukoo, nikasema hapa angalau atakasirika, mume wake hajamaliza hata arobaini na watoto wanarushiana maneno juu ya migomba yake. Kanga, busara, kimya. Mwalimu wako atakuambia huyo ni mhusika bapa, asiyebadilika. Mimi kwa lugha ya kazini namwita mche. Kwa hiyo sentensi yako ina ukweli ndani yake, ila si ule uliokusudia. Ulitaka mche wa nuru, ukatujengea mche wa hesabu.

Tuje kwenye nuru.

Nuru ikiingia kwenye kioo inapunguza mwendo, kutoka karibu kilomita 300,000 kwa sekunde hadi kama 200,000. Ikiingia kwa mshazari inapinda. Zambarau inapunguzwa zaidi kidogo kuliko nyekundu, hivyo inapinda zaidi, na hapo ndipo rangi zinapoanza kuachana. Lakini si kila kioo kitakuonyesha rangi. Kioo cha dirisha la jikoni nacho ni mche, mche mstatili mwembamba, na jua linapita humo kila siku bila kutuchorea chochote ukutani. Sababu ni kwamba nyuso zake mbili ziko sambamba: uso wa kwanza unapinda nuru, uso wa pili unairudisha ilikokuwa inaelekea. Mche pembetatu unafanya kazi kwa kuwa uso wa kuingilia na uso wa kutokea umekaa mshazari. Nuru inapinda ikiingia, inapinda tena upande uleule ikitoka, na tofauti ndogo ya rangi inakuwa kubwa ya kutosha kuonekana kwa macho.

Msimulizi wako, huyo kijana anayetueleza yote, ni dirisha. Kila anachokiona kinatoka kama kilivyoingia. Simlaumu, hadithi inahitaji dirisha. Nakuonyesha tu nani ni nani.

Halafu hilo neno "uliovunja". Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo hasa, na si wangu peke yangu, ni wa zaidi ya miaka 350. Zamani wasomi wengi waliamini kwamba nuru nyeupe ni kitu safi, na kwamba kioo ndicho kinachoitia rangi kinapoipitisha. Mwanasayansi Mwingereza Isaac Newton akapata mche pembetatu wa kioo, akafunga chumba kikawa giza, akatoboa tundu dogo kwenye mbao za dirisha, akaachia mwali mmoja wa jua upite kwenye mche hadi ukutani. Alitarajia doa la duara. Akapata ukanda mrefu, urefu wake kama mara tano ya upana, nyekundu upande mmoja na zambarau upande wa pili. Wengine wangeishia kushangaa uzuri. Yeye alichukua ubao wenye tundu, akaacha rangi moja tu ipenye, akaipitisha kwenye mche wa pili. Kama kioo ndicho kinachotia rangi, mche wa pili ungeitia rangi nyingine. Haukuitia. Nyekundu ilipinda ikabaki nyekundu. Na alipozikusanya rangi zote mahali pamoja, zikarudi kuwa nyeupe. Aliiandikia Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, habari hizo mwaka 1672, na kitabu chake kizima cha nuru kikatoka 1704.

Unaona inakuletea nini? Mche hauvunji na hauongezi. Kila rangi ilikuwamo tangu mwanzo, imechanganyika na nyingine. Kwa hiyo mwandishi akisema fulani ni mche wa kioo, anatuahidi jambo zito: kwamba uchoyo wa baba mdogo, woga wa baba mkubwa na huruma ya shangazi vilikuwamo kwenye ukoo huo hata siku za sikukuu walipokuwa wakila sahani moja, na kwamba mtu huyo hakuleta ugomvi bali aliwapitisha mahali ambapo kila mmoja alipinda kwa kiasi chake. Hiyo ni hadithi nzuri mno. Bibi wako hajaifanya.

Na "saba" pia nitaigusa, kwa haraka. Mwanzoni Newton alizitaja rangi kuu tano, baadaye akaongeza mbili, maana alipenda zilingane na noti saba za muziki. Tazama upinde wa mvua saa kumi na moja jioni ukisimama upande wa Uyole, jua likiwa mgongoni mwako: hakuna mahali utakapoweka kigingi useme manjano inaishia hapa, kijani inaanzia hapa. Mimi kazi yangu ni mipaka na ninakuambia haupo. Familia yako ya hadithi nayo usiigawe watu saba, dhambi saba. Ukurasa wa kumi na moja ulianza kufanya hivyo, nikasikia harufu ya mahubiri.

Kuna mshairi wa Ujerumani, Goethe, aliyempinga Newton kwa nguvu. Alitazama ukuta mweupe kupitia mche akakuta ukuta unabaki mweupe. Rangi zikatokea tu pale cheupe kinapokutana na cheusi, kwenye kingo. Mwaka 1810 akatoa kitabu kizima juu ya rangi. Kwa upande wa fizikia alikosea kumpinga Newton, ila alichokiona ni kweli na hata wewe ungekiona. Mimi ningemwazima hapo: usitafute rangi za watu wako katikati ya ukuta mweupe, kwenye harusi na kipaimara. Zitafute kingoni, pale nyumba inapopakana na giza lake. Ulifanya hivyo mara moja tu, baba mdogo alipokutwa ghalani na tochi.

John Keats, mshairi wa Uingereza, yeye mwaka 1820 alilalamika kwamba elimu imeunyang'anya upinde wa mvua uzuri wake. Simsikilizi. Nimeujua upinde kwa hesabu zake zote, na bado husimamisha gari.

Kabla sijakuambia mche wako halisi ni nani, nimtetee Bibi kidogo, kwa sababu kuna mstari mmoja anaamka. Baba mdogo anamuuliza kwa ukali, "Kwani shamba ni la nani?" naye anamjibu, "Kwani shamba ni la nani?" Hapo niliketi vizuri. Ile prizimu tunayoishika juu ya fimbo kazini haitawanyi rangi. Ni pembe ya kioo yenye nyuso tatu zilizokutana kwa pembe mraba, na nuru ikiingia kutoka upande wowote wa mbele inagonga nyuso hizo na kurudi kwa aliyeituma. Mashine ya kupimia inapeleka mwali wake, prizimu inaurudisha, nasi tunapata umbali. Msaidizi wangu anaweza kuishika ikiwa imepinda kidogo kwa sababu ya upepo wa Mbeya, na mwali bado utarudi kwangu. Wanaanga wa Apollo 11 waliacha pembe 100 za namna hiyo mwezini mwaka 1969, na hadi leo wanasayansi wanazipigia mwali wa leza kutoka duniani kupima umbali. (Kwa hesabu kali huo si mche, ni pembe ya mchemraba, lakini kazini hakuna anayebishana.) Bibi wako akiwa hivyo, anayekuja na hasira anarudishiwa hasira yake, anayekuja na hesabu anarudishiwa hesabu yake, atakuwa mtu wa kutisha. Na kimya chake kitakuwa na kazi.

Mche wa kioo katika hadithi yako ni yule msichana wa kazi.

Umempa kurasa mbili tu na hukumpa jina. Ameletwa kutoka Makete kusaidia wakati wa msiba. Si wa ukoo, hadai kitu, amekaa mshazari na nyumba nzima. Angalia ulichoandika bila kukusudia: baba mkubwa anamwamkia yeye kwanza, tena kwa aibu. Baba mdogo anahesabu sukari akiwapo. Shangazi, anayewafokea wote, anampa shuka lake. Kila mmoja akipita kwake anatoka na rangi yake, na yeye mwenyewe hana habari, anasugua masufuria. Hiyo ndiyo picha uliyokuwa ukiitafuta, ukaenda kuibandika kwa Bibi kwa sababu tumezoea kwamba mzee lazima ndiye awe na maana.

Mwongeze kurasa. Nataka kujua analala wapi nyumba ikijaa wageni, nani anamlipa, na siku ya kikao alisikia nini kupitia mlango wa jikoni. Kurasa zake nimezikunja pembe utaziona. Ile sentensi ya mche ifute kabisa, wala usimhamishie yeye.

Risiti ya ada imo kwenye bahasha ya kaki. Shangazi yako anasema viazi vyekundu ni vya mwalimu wako, visiishie bwenini.

Mama yako