Mhariri, hatukwenda kusomea nepi

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wako miaka kumi na sita na sijawahi kukuandikia hata mstari. Ile habari ya Jumapili kuhusu vyuo vya jamii vya Marekani, vile vya miaka miwili, imenishinda. Mwandishi wako ameitia kozi yangu, Makuzi ya Mtoto na Masomo ya Familia, kwenye "masomo ya kupitishia muda", katikati ya kupamba keki na yoga.

Muda upi? Mchana niko kazini, usiku darasani. Shahada yetu ya miaka miwili ni krediti 60 hivi, yaani vipimo vya masomo uliyomaliza. Hata cheti cha CDA, cha walezi na walimu wa watoto wadogo, ambacho wengi huanzia hapo, kinadai saa 120 za mafunzo na saa 480 za kushinda na watoto.

Muhula uliopita niliketi dakika ishirini kwenye kiti cha kitoto, magoti yakinigusa kidevu, namtazama mtoto wa miaka mitatu akigombania ndoo na mwenzake. Nikaandika: "Alikasirika, akamnyang'anya." Karatasi ikarudi kutoka kwa mkufunzi imejaa wino mwekundu. "Hasira uliiona wapi? Andika ulichokiona." Nimelea wangu watatu, mhariri, nikijiona bingwa wa kutazama! Nikaanza upya: alikunja ngumi ya kushoto, akatazama mlangoni, akavuta ndoo, akaiachia, akatazama tena mlangoni. Mlango huo mara ya kwanza sikuuandika kabisa, na mama yake alikuwa ameondoka kwa kupitia hapo hapo muda mfupi kabla. (Hapa nakisia, na mkufunzi angenikata maksi.) Mary Ainsworth, mwanasaikolojia, alijenga jaribio zima juu ya mlango kama huo: mama anatoka, mama anarudi, na kinachopimwa zaidi si kilio cha kuachwa bali mtoto anafanya nini mama akirejea. Nilipomsimulia shemeji yangu alicheka mpaka akakohoa. "Yaani unalipa ada ufundishwe kwamba watoto hulia?" Shemeji huyo huyo, mwezi haujaisha, ananipigia saa nne usiku: mwanawe anagongesha kichwa ukutani, afanyeje? Sikumwelekeza kwa mwalimu wa yoga. Nilimwambia ashike kalamu aandike kila mara kilichotangulia, na ampeleke mtoto kwa daktari.

Wenye vyuo vikuu nao wasijifiche nyuma yako. Nilipouliza habari za kuhamia chuo cha miaka minne, niliambiwa baadhi ya krediti zangu hazitahesabiwa kwa sababu ni za "mafunzo ya kazi". Zipi? Zile zile za kiti cha kitoto. Piaget wa kitabuni, yule mtaalamu wa namna watoto wanavyofikiri, anahesabika, ila mtoto mwenyewe, mwenye kamasi na ndoo, hana krediti. Piaget huyo aliandika vitabu kwa kuwatazama wanawe watatu nyumbani. Angeomba kuhamia leo, sijui wangemjibu nini.

Sitaki uombe radhi. Mlete mwandishi wako kwenye chumba cha watoto wa miaka miwili, saa sita kasoro dakika ishirini mchana, siku ambayo chakula kimechelewa. Aandike kwa dakika ishirini bila kutumia "kasirika", "furahi" wala "kaidi". Kalamu nyekundu nitakuja nayo mimi.

Mama wa watatu, mwaka wa pili